Kutumikia Haki Kusiwe kwa Wenye Nacho Peke Yao





Wiki hii tutazungumza juu ya jambo ambalo limeanza kuingia majumbani mwetu kwa njia ya simu. Ziko familia za mwambao wetu zenye jamaa waliohamia Marekani, na watoto wa jamaa hao sasa wamefikia umri wa kuingia vyuo vikuu vya huko. Ziko nyingine zilizompeleka mwana au binti kutoka huku huku kwenda kusoma. Masika yanapokaribia kwetu, kijana hupiga simu na kusema: "Nimepata nafasi ya kiangazi. Wiki 10 nitakuwa katika ofisi inayowatetea wapangaji wanaofukuzwa majumbani. Nitapewa posho."

Upande wa pili wa simu hufuata kimya, kisha swali: "Posho hiyo yashinda mshahara wa dukani?" Na ikiwa haishindi, huja la pili: "Basi kwa nini usishike kazi ya duka ukatusaidia, au ukarudi nyumbani tukakuona?"

Maswali haya si ya ujinga wala si ya tamaa. Ni maswali ya watu waliojinyima ili mmoja wao asome. Yanastahili kujibiwa kwa hoja na kwa hesabu, na hilo ndilo tunalolikusudia leo.

Tuanze na maneno yenyewe. Huko Marekani mwaka wa masomo humalizika mwezi wa Mei na kuanza upya mwishoni mwa Agosti au mwanzo wa Septemba. Kiangazi chao ni wakati wetu wa kusi. Katika miezi hiyo vyuo vikuu vingi, pamoja na mashirika ya hisani, hutoa ufadhili wa muda mfupi kwa wanafunzi watakaokwenda kuhudumu mahali panapopigania haki za jamii: ofisi za mawakili wa wasiojiweza, vituo vya wahamiaji, shule za likizo za watoto wa mitaa maskini, vyama vya wafanyakazi, kampeni za kuwaandikisha wapiga kura. Mwanafunzi hupewa posho, na pengine nauli na mahali pa kulala, ili aweze kuifanya kazi ambayo ofisi yenyewe haina fedha za kumlipa.

Baadhi ya nafasi hizi humtanguliza mwanafunzi aitwaye wa kizazi cha kwanza. Sheria ya Elimu ya Juu ya Marekani, kwa marekebisho ya mwaka 1980, ilimweleza kuwa ni yule ambaye hakuna hata mmoja katika wazazi wake aliyekamilisha shahada ya kwanza. Kama alilelewa na mzazi mmoja, basi huyo mmoja ndiye anayetazamwa. Mipango ya serikali ya kuwashika mkono vijana wa namna hii ilikuwa imekwisha kuanza, wa kwanza mwaka 1964, wa pili 1965 na wa tatu 1968, na kwa kuwa ilikuwa mitatu ikaitwa TRIO. Leo imezidi mitatu, lakini jina limebaki.

Ieleweke kwamba sheria hiyo haimpimi mzazi kwa akili zake. Baba anaweza kuwa nahodha ajuaye kila mwamba wa pwani hii, fundi wa milango ya nakshi, au mwalimu wa chuoni aliyewasomesha watoto wa mtaa mzima. Mama anaweza kuwa ndiye hakimu wa ukoo, anayesuluhisha yaliyowashinda wazee. Bado mwana wao ni wa kizazi cha kwanza, kwa sababu kipo kitu kimoja ambacho wazazi hao hawakukipitia na kwa hivyo hawawezi kumweleza: namna chuo kikuu kinavyokwenda kwa ndani.

Na moja katika mambo ya ndani ni hili la kiangazi. Mwana wa wakili au wa daktari hujua tangu utotoni kwamba likizo ndefu si ya kupumzika. Huambiwa mezani: kiangazi cha kwanza nenda ofisi fulani, cha pili nenda kwa rafiki yangu fulani. Akimaliza masomo huwa na shahada mkononi, na pia watu watatu au wanne wa kumwandikia barua ya sifa, na mambo ya kusimulia anapoitwa kwenye usaili. Mwenzake wa kizazi cha kwanza, aliyesoma darasa moja naye na pengine akamshinda kwa alama, amekaa viangazi vitatu akipanga bidhaa kwenye rafu. Kazi hiyo ni ya halali na ina heshima yake, lakini mlango wa ofisi ya wakili haufunguki kwa ajili yake.

Mtu atasema: naye aende ofisini basi. Hapo ndipo pana mtego. Nafasi nyingi za uanagenzi huko, hasa katika mashirika ya hisani na ofisi za umma, kwa miaka mingi hazikuwa na malipo, na mpaka leo ziko zisizolipa. Hata Ikulu ya Marekani ilianza kuwalipa wanagenzi wake mwaka 2022 tu. Kabla ya hapo, aliyetaka kuhudumu Ikulu alipaswa kuwa na mtu wa kumlipia nyumba na chakula katika jiji la Washington, ambalo si rahisi kuishi. Na mkono mtupu haulambwi. Matokeo yake ni kwamba ofisi zinazosema kwa niaba ya maskini zikawa zinajazwa vijana ambao hawajapata kuuona umaskini ila kwa kuusoma.

Jambo hili si jipya. Historia ya Marekani yenyewe ina mfano mkubwa wa kiangazi cha haki, nao unafaa kuangaliwa kwa makini.

Katika jimbo la Mississippi, mwaka 1962, watu weusi walioandikishwa kupiga kura hawakufika 7 katika kila 100 waliostahiki. Aliyejaribu kujiandikisha alitishwa, alifukuzwa kazi, na pengine aliuawa. Fannie Lou Hamer, mwanamke aliyezaliwa mwisho katika watoto 20 wa wakulima wa pamba waliolima shamba la mwenyewe kwa kugawana mavuno, alikwenda kujiandikisha mwezi Agosti mwaka huo, naye akafukuzwa katika shamba alilolifanyia kazi kwa miaka 18.

Kiangazi cha mwaka 1964 vyama vya kupigania haki viliita wanafunzi wa vyuo vikuu kutoka sehemu nyingine za nchi waje Mississippi kusaidia. Walikuja kiasi cha 1,000. Walifunzwa kwanza katika chuo kimoja mjini Oxford, jimbo la Ohio, na Bi Hamer alikuwa miongoni mwa waliowafunza. Wakaandikisha wapiga kura, na wakafungua zaidi ya shule 40 za likizo zilizoitwa Shule za Uhuru, ambamo watoto zaidi ya 2,000 walisoma historia yao, hesabu, kuandika, na haki zao kwa mujibu wa katiba. Gharama yake ilikuwa kubwa. Tarehe 21 Juni vijana watatu, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, walitekwa na kuuawa, na miili yao ikafukuliwa tarehe 4 Agosti. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Agosti 1965, sheria ya haki ya kupiga kura ilitiwa saini. Kufikia mwaka 1967 walioandikishwa Mississippi walikuwa karibu 60 katika kila 100.

Hayo ndiyo yanayosimuliwa sana. Lisilosimuliwa sana ni sharti walilopewa waliotaka kwenda. Kila mmoja alitakiwa awe na dola 500 za dhamana, kwa ajili ya siku atakayokamatwa, na juu yake ajilipie chakula, matibabu na nauli. Tuifanye hesabu. Mshahara wa chini uliowekwa na sheria mwaka huo ulikuwa dola 1 na senti 25 kwa saa. Kupata dola 500 kwa mshahara huo ni saa 400, yaani wiki 10 za kazi za saa 40, bila kula wala kunywa. Ni kiangazi kizima. Na wafanyakazi wa mashambani, kama wazazi wa watoto wale wa Mississippi, hata mshahara huo wa chini hawakuwa nao, kwani sheria ilikuwa haijawafikia.

Basi si ajabu kwamba wengi wa waliojitolea walikuwa vijana weupe kutoka familia zenye uwezo na vyuo vyenye majina makubwa. Hatuwapunguzii ushujaa wao. Wako waliolipa kwa damu. Lakini kijana mweusi mwenye kiu ile ile ya haki, aliyekuwa anasoma kwa kubangaiza, sharti la dola 500 lilimfungia mlango kabla hajafika kwenye basi. Wenye harakati wenyewe waliliona tatizo hili kwa watumishi wao wa kudumu. Vijana waliokaa Mississippi mwaka mzima chini ya chama cha wanafunzi cha SNCC, wengi wao wa makabwela, walipewa posho ya kiasi cha dola 10 kwa wiki. Ilikuwa ndogo mno, lakini bila hiyo dogo wasingeweza kubaki.

Aliyeongoza mpango ule wa 1964 alikuwa Bob Moses, mwana wa mfanyakazi wa usafi wa Harlem, New York. Yeye mwenyewe alifika Mississippi mara ya kwanza katika likizo ya kiangazi ya mwaka 1960, alipokuwa mwalimu wa hesabu. Na habari zake zinatufikia karibu na kwetu, kwani kuanzia mwaka 1969 hadi 1976 aliishi Tanzania na kufundisha hesabu Same, upande wa pili tu wa mpaka wa Taita Taveta. Aliporudi kwao, alipata tuzo ya fedha mwaka 1982, akaitumia kuanzisha mpango wa kuwafundisha aljebra watoto wa shule za maskini, akiamini kuwa asiyejua hesabu katika zama hizi hunyimwa uraia kamili kama alivyonyimwa asiyejua kusoma katika zama zile. Tazameni likizo moja ya mwalimu ilivyozaa.

Shule za Uhuru nazo hazikufa moja kwa moja. Marian Wright Edelman, wakili aliyefanya kazi Mississippi katika miaka ile, alianzisha mwaka 1973 shirika la kutetea watoto, na katika miaka ya 1990 shirika hilo likazifufua Shule za Uhuru kama mpango wa kiangazi. Wanaofundisha ni vijana wa umri wa chuo kikuu. Kabla ya kuanza hupelekwa mafunzo katika jimbo la Tennessee, ambako shirika lilinunua shamba lililokuwa la mwandishi Alex Haley. Kisha hurudi mitaani kuwasomesha watoto vitabu, nao hulipwa kwa kazi yao.

Na kila asubuhi, kabla ya kitabu kufunguliwa, watoto na walimu hukusanyika kwa nyimbo, kusomewa hadithi na kutiana moyo. Kipindi hicho wamekiita kwa neno letu: Harambee. Neno la wachukuzi na wavuta kamba wa mwambao huu, lililokuja kuwa wito wa taifa letu, leo linatamkwa na watoto wa miji ya Marekani. Maana yake wanaijua: mzigo mkubwa huvutwa na wote, na anayevuta hupewa nafasi ya kushika kamba.

Sasa turudi kwenye simu yetu. Kwa nini fadhili hizi zimtafute huyu wa kizazi cha kwanza, na zisimwachie yeyote mwenye moyo? Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Binti aliyewahi kumfasiria mamake barua ya mwenye nyumba, akiwa na umri wa miaka 11, akatetemeka kwa kutoielewa, akikaa katika ofisi ya kutetea wapangaji hahitaji kuelezwa hofu ya mtu aliyeshika barua kama hiyo. Atamwuliza swali ambalo mwenzake hatalifikiria. Atajua kwamba mama huyu hakuja jana kwa sababu zamu yake ilikuwa ya mchana, wala hakuwa mzembe. Ofisi ya haki inayokosa watu kama yeye huwa haina masikio.

Kwa hivyo posho ile tusiihesabu kuwa sadaka. Ni bei ya mlango. Ni kumwambia kijana: umaskini wa nyumbani kwenu usiwe sababu ya kukuzuia kuwatumikia maskini wenzako. Na kama tulivyoona, mahali ambapo posho haipo, haki hutumikiwa na wenye nacho peke yao, hata wakiwa wema namna gani.

Lakini haki ya familia nayo ipo, na hatutaisahau. Mzazi anayeitegemea fedha ya mwanawe kulipa kodi ya nyumba hawezi kushibishwa kwa barua ya sifa. Ndipo inapotakiwa hesabu, si ubishi. Yafuatayo ni mambo ambayo mzazi aulize kwa upole, na kijana ayajibu kwa ukweli.

Aulize kwanza posho ni kiasi gani kwa wiki zote, itakatwa kodi au la, na italipwa mwanzoni au mwishoni. Posho inayokuja baada ya wiki 10 haimsaidii mtu aliyepaswa kulipa chumba wiki ya kwanza. Kisha aulize juu ya ada. Vyuo vingi, vinapompimia mwanafunzi msaada, humhesabia kiasi anachotarajiwa kukichuma mwenyewe wakati wa kiangazi. Viko vyuo vinavyomsamehe kiasi hicho, au kumlipia, akiwa katika utumishi wa namna hii. Lakini asipouliza mapema hataambiwa.

La tatu, kwa mtoto aliyekwenda kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, ni sheria. Huyo hana ruhusa ya kufanya kazi nje ya chuo apendavyo, kwa hivyo lile duka tunalomwambia aende huenda likamharibia viza. Nafasi ya kiangazi yenye malipo, ikihusiana na masomo yake, inaweza kuidhinishwa, lakini idhini sharti ipatikane kabla ya siku ya kwanza ya kazi, kupitia ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni. Na ziko nafasi, kama zile za AmeriCorps zinazogharimiwa na serikali, ambazo ni za raia na wakaazi wa kudumu tu. Afadhali kulijua hilo kabla ya kujaza fomu.

La nne ni makazi na usalama. Atalala wapi, na nani, ofisi iko mtaa gani, atarudi saa ngapi, nani wa kumpigia simu ikitokea haja. Mama kumwuliza bintiye maswali haya si kumtilia shaka. Mpango mzuri huwa na majibu tayari; usiokuwa na majibu, ni bora uachwe.

La tano, aulize kazi yenyewe ni ipi. Atakaa na watu, ataandika, atafuatana na wakili mahakamani? Au atatumwa chai na kupigwa picha za kuonyeshwa wafadhili? Mwanafunzi wa kizazi cha kwanza si pambo la ukutani. Ana haki ya kufundishwa kazi na kuwa na mtu mzima wa kumwongoza.

Majibu yakiwa mema, nasaha yetu kwa wazazi ni kumpa idhini na dua. Ikiwa nyumba ina shida ya kweli, na fedha ya kiangazi ndiyo tegemeo, basi kijana asione haya kuandika hivyo katika ombi lake au kumweleza msimamizi. Zipo fadhili zinazoongeza kiasi kwa mwenye kutegemewa. Na ikishindikana kabisa, akaenda dukani mwaka huu, asihukumiwe kuwa hana uchungu na haki. Kumlisha mama ni haki pia. Ajaribu tena mwaka ujao, na aanze mapema, kwa kuwa maombi mengi hufungwa miezi kadhaa kabla ya kiangazi.

Wala tusidhani kwamba somo hili ni la ng'ambo peke yake. Wanafunzi wetu wa hapa nao hutakiwa kwenda mazoezi ya kazi maofisini, na wengi hawalipwi hata nauli ya matatu. Aliye na mjomba Nairobi hupata pa kulala. Asiye naye hubaki. Ofisi zetu, mashirika yetu na matajiri wetu wapendao kheri wana la kujifunza. Tumezoea kuchanga ada, na Mungu awalipe wachangao. Tuongeze na hili: nauli na chakula cha wiki 10 kwa binti wa mvuvi anayetaka kuhudumu katika ofisi ya kutetea ardhi au watoto. Kiasi hicho ni kidogo kuliko gharama ya karamu moja ya harusi, na huenda kikatuzalia wakili ambaye hatasahau alikotoka.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio karibu na walio mbali, awape elimu yenye manufaa, na atupe sisi wazazi hekima ya kusikiliza kabla ya kukataa.

Wabillahi tawfiq.